Look at, look for, look after: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu "look" na mikia yake

Nafundisha Kingereza cha jioni, wanafunzi wangu karibu wote ni watu wazima wenye kazi zao, madereva, mafundi, wauguzi, kina dada wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Uarabuni, na haipiti wiki sijaulizwa kitu kuhusu look. Sio make wala get, ni look, maana ndo inayoonekana rahisi, mtu alishaambiwa shule ya msingi kwamba look ni tazama akajua hiyo kaimaliza. Kwa hiyo nimeyaandika hapa yale maswali yanayojirudia, soma taratibu, hakuna anayekukimbiza.

Kwani look si tazama tu? Mbona inageukageuka hivi?

Ikiwa peke yake ni tazama, sawa. Ila Muingereza akishaibandika kineno kidogo baada yake, hicho kineno ndo kinashika usukani. Look at ni kuangalia, look for ni kutafuta, look after ni kutunza, look into ni kuchunguza. Sisi hapo tuna vitenzi vinne ambavyo havina hata undugu, yeye ana kimoja chenye mikia minne.

Na usidhani sisi hatuna huo mchezo, tunao, tunauchezea ndani ya kitenzi tu. Chukua hama na hamia. Jirani kahama Tandika, mwingine kahamia Tandika, tofauti ni hako ka-i kadogo katikati, lakini mmoja ukienda kumtafuta Tandika leo humkuti. Lia na lilia, kimbia na kimbilia, mtoto anakimbia mbwa na mtoto anakimbilia mbwa sio habari moja kabisa! Hakuna aliyekulia kwenye Kiswahili anayekosea hapo, hata mtoto wa miaka minne hakosei. Mzungu anayejifunza Kiswahili ndo hapo anapotoka jasho. Sasa ile i yetu, Muingereza kaitoa nje ya kitenzi akaiacha isimame yenyewe kama neno. Ukiona for au after usiione kama kitu cha kujazia sentensi, ichukulie kwa uzito uleule wa i ya hamia.

Alafu sio sisi tu tunaopata tabu. Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kingereza London mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba hii tabia ya kubandika kineno baada ya kitenzi ndo inayowasumbua wageni kuliko kitu kingine. Zaidi ya miaka 260 iliyopita mwenye lugha yake alishaliona hilo, kwa hiyo ukikosea usijione mjinga.

Look for na look after nazichanganya kila siku, nifanyeje?

Hili ndo swali ninalolijali kuliko yote, na ntakuambia kwa nini.

Nina dada mmoja nilimfundisha miezi mitatu akaenda Muscat kulea mtoto. Bosi wake hajui Kiswahili, wanaongea Kingereza cha kuungaunga wote wawili. Siku moja mama mwenye nyumba yupo kazini anatuma meseji, uko wapi unafanya nini, dada anajibu vizuri tu kwa heshima zote "I am looking for the baby, madam." Yeye kichwani kwake ameandika "namwangalia mtoto." Yule mama amesoma "namtafuta mtoto." Simu ikaita mara moja, mtoto kalala hapo pembeni, dada hajui kwa nini mtu analia kwenye simu. Aliponitumia voisi usiku kunielezea alikuwa bado anatetemeka, akaniuliza ticha nimekosea wapi, nilisema uongo? Hukusema uongo dada yangu, ni kineno kimoja tu.

Sasa angalia shida ilikotoka. Ilitoka kwenye neno letu "angalia", maana na sisi tuna neno letu moja tunalolibebesha mizigo mingi. Angalia picha hii. Niangalizie mtoto nifike dukani. Angalia gari! Angalia kwenye kamusi. Ngoja niangalie halafu nitakujibu. Hizo ni angalia tano, na Kingereza ni look at, look after, look out, look up na look into. Kwa hiyo ukitoka na angalia yako kichwani ukaenda kuchukua look bila kujiuliza ni angalia ipi, lazima upotee.

Kabla hujafungua mdomo geuza kwanza ndani ya Kiswahili. Namwangalia mtoto, maana yake namtunza? Basi ni after. Kumtunza mtu unakuwa nyuma yake, yeye anatangulia kutambaa wewe unafuata, after maana yake ya asili ni nyuma ya, baada ya. Namtafuta? Basi ni for. Na for ni ileile unayoijua kwenye "kwa ajili ya", macho yanazunguka kwa ajili ya kitu ambacho hukioni. Kitu cha look for hakipo mbele yako, kitu cha look after kipo mikononi mwako.

"Nitafutie funguo zangu" kwa Kingereza inakuwaje?

Look for my keys for me. Ndiyo, for mbili, na zote zina kazi. Ya kwanza ndo inageuza look iwe tafuta, ya pili ni ile i ya tafutia. Wengi wanaondoa moja wakidhani imejirudia kwa makosa. Ukisema "look my keys for me" Muingereza ataelewa kwa kukuhurumia, na kosa lenyewe limetoka nyumbani, sisi kutafuta hakuhitaji kiungo chochote, unatafuta funguo basi, kwa hiyo mtu anasema "I'm looking my phone." Hapana, I'm looking for my phone.

At inakaa wapi na haikai wapi?

Inakaa pale unapotaja kinachoangaliwa. Look at me, look at this picture, look at the price. Ukiwa hutaji kitu, at haiji, unasema Look! tu na kidole kinamalizia.

Na kuna sehemu moja wanafunzi wangu wanateleza sana, "look at there", "look at outside". Hapana, there, here, outside, upstairs, hizo zenyewe zishabeba "pa" yake ndani, kama vile sisi hatusemi "kwenye pale nje". Ni look there, look outside, look behind you. Zoea kuuliza, hiki ni kitu au ni mahali pa kugeuzia macho? Kitu kinataka at.

Na TV usii-look at, unai-watch, na mpira pia. Look at the TV ni ukiwa unaangalia televisheni kama kabati, labda unataka kuinunua unaangalia ina mikwaruzo au haina.

Mbona nikiwasikiliza kwenye muvi hiyo at siisikii kabisa?

Kwa sababu wanaimeza. Look at it inatoka kama neno moja, lukatit, at imenywea katikati. For ndo balaa zaidi, inabaki "fa" hafifu, lukfa, ukiwa na masikio ya Kiswahili ambako kila silabi inapewa haki yake unaona kama hakuna kitu pale, unajifunza "look" tupu na unaenda kuiongea "look" tupu. Ndo maana namwambia mtu usijifunze kwa kusikia peke yake, soma pia, kwenye maandishi at haina pa kujificha.

Ila kuna sehemu moja inatoka waziwazi, mwisho wa swali. What are you looking at? Who are you looking for? Pale mwisho kineno kinatamkwa chote, at yenye a pana kabisa. Tumia maswali kama haya kufundishia sikio.

Tulifundishwa sentensi isiishie na preposisheni, sasa hiyo "What are you looking for?" ni sahihi kweli?

Sahihi kabisa na ndo inavyosemwa. Ile sheria ina historia yake, mshairi John Dryden karne ya 17 alianza kuwakosoa wenzie kwa kumalizia sentensi na vineno hivi, walimu wa baadae wakaishikilia sana, ikasafiri na vitabu vya grama mpaka huku kwetu. Waingereza wenyewe hawakuwahi kuacha kuongea hivyo. Jaribu kuipindua, "For what are you looking?", mtu atakuelewa lakini utasikika kama barua ya serikali. Muuza duka yeyote anakuuliza what are you looking for, na wewe uliza hivyohivyo.

"I look forward to hear from you" au "hearing"?

Hearing. Na hii nataka uikalie chini, kwa sababu ndo sentensi ya mwisho kwenye karibu kila barua ya kuomba kazi ninayoletewa niikague, na karibu kila barua imeandikwa hear. Mtu kapanga sivii yake vizuri, kaenda steshenari kalipia printi, anafika mstari wa mwisho anateleza.

Sababu ni kwamba umefundishwa to inaambatana na kitenzi kitupu, to go, to eat, to hear, na umefundishwa vizuri. Lakini to zipo mbili. Kuna to ambayo ni "ku" ya kwenda na kula, na kuna to ambayo ni "kuelekea", kama went to Dodoma. Ile ya look forward to ni hii ya Dodoma. Look, macho. Forward, mbele. To, kuelekea kitu. Macho yako yanaangalia mbele kuelekea jambo linalokuja, kwa hiyo baada ya to panatakiwa jina la jambo, na kitenzi kikitaka kukaa pale lazima kivae ing ili kigeuke jina.

Ukiwa na wasiwasi weka it. Unaweza kusema "I look forward to it"? Unaweza. Unaweza kusema "I want to it"? Huwezi. Basi to inayokubali it ni ya Dodoma, weka ing. Kipimo hikihiki kinafanya kazi kwenye used to pia, I'm used to it, kwa hiyo I'm used to waking up early.

Tofauti nyingine ndogo, I look forward to ni ya ofisini, I'm looking forward to ni ya rafiki yako au mtu mliyezoeana. Kwenye barua ya kazi tumia ya kwanza.

Maana yake ni nasubiri kwa hamu, na lazima liwe jambo zuri. Msiba hatu-look forward to. Nilishapokea meseji ya mwanafunzi "I am looking forward to my grandmother's burial on Saturday" na najua alitaka kusema tu kwamba anasubiri Jumamosi wakamzike bibi yake. Hapo sema the burial is on Saturday, inatosha.

Lini nasema look it up, lini nasema look up it?

Look up it usiseme kamwe. Kuna mikia inayoachia kitu kipite katikati na kuna mikia iliyong'ang'ania. Up ya kutafuta neno kwenye kamusi au namba kwenye simu inaachia, look up the word ni sawa, look the word up ni sawa, ila ukishaweka it au them lazima ipite katikati, look it up, look them up. Over ya kupitia makaratasi ni hivyohivyo, look it over.

At, for, after na into zimeng'ang'ania. Look after him, hakuna siku utasema look him after. Look into it, sio look it into. Sikiliza nguvu ya sauti inaangukia wapi, kwenye look it UP nguvu iko kwa up, kwenye look at it at inamezwa kama nilivyosema juu. Kineno chenye nguvu ya sauti mara nyingi ndo kinachoachia, ingawa ukiitegemea hiyo peke yake into itakusaliti siku moja.

Look into, look through, look over, si zote ni "pitia"?

Zinakaribiana lakini ukiwa ofisini zinatofautiana sana. Look over ni kupitisha macho juujuu kuona kama kuna kosa, mtu anakupa barua anasema can you look this over dakika mbili. Look through ni kupekua, unafungua kurasa au unapitia faili ukitafuta kitu. Look into ni kuingia ndani ya jambo ujue chanzo, hapo kuna swali ambalo halina jibu bado. Umeme ulikatwa na umelipa, unapiga simu, wanakuambia we'll look into it, maana yake wanaahidi kufuatilia. Kama hawakusema lini, uliza lini, when can I call you back, kwa sababu sentensi yenyewe haina tarehe ndani.

Look through ina maana nyingine inayouma, she looked right through me, kanipita kama hanioni vile.

Look up to na look down on?

Unamwinulia mtu macho au unamshushia. I look up to my elder sister, namheshimu na natamani kuwa kama yeye. Don't look down on people, usidharau watu. Kiswahili pia kinajua hilo, tunasema kumwangalia mtu toka juu mpaka chini na kila mtu anaelewa hapo hakuna heshima. Angalia tu kwamba look down at ni macho kweli, looked down at his shoes, katazama viatu vyake, na look down on ni dharau. At macho, on moyo. Na up bila to inaweza kuwa habari njema, things are looking up, mambo yanaanza kunyooka.

"You look like tired" kuna kosa gani?

Like imezidi. Like inataka jina baada yake, she looks like her mother, kafanana na mama yake. Sifa haitaki kitu, you look tired, you look smart. Sentensi nzima iwekee as if, you look as if you haven't slept. Wengi wanaiweka like kwa sababu "unaonekana kama umechoka" ina kama ndani, na sisi kama yetu inakaa popote.

Hapohapo kuna what does she look like, hii inauliza sura na umbo, mrefu mfupi mweusi mweupe, sio hali yake. Ukitaka kujua hali ya mgonjwa uliza how is she. Muuguzi mmoja mwanafunzi wangu aliulizwa na daktari mgeni "how is she?" akaanza kuelezea sura ya mgonjwa, na daktari anasubiri aambiwe joto.

Look out ni hatari tu?

Look out! ni hatari, angalia, chunga, hasa kitu kinakuja sasa hivi. Look out for inatosha kwa kukaa macho na kitu, look out for potholes. Look out for your younger brother ni mwangalie mdogo wako asionewe. Dirishani ni look out of the window, Wamarekani wengi wanaacha of.

Nazikariri vipi zote hizi?

Usizikariri kwa orodha, orodha ya vineno ishirini utaisahau kabla ya Ijumaa. Beba moja kwa wiki na sentensi ya maisha yako mwenyewe. Fundi mmoja hapa aliandika look for the leak, look at the pipe, look after the tools kwenye karatasi akaibandika ndani ya mfuniko wa boksi lake la spana, kila akifungua anaisoma, hajakosea tena mpaka leo. Na kwenye daftari lako usiandike look peke yake mkabala na tazama, andika look for yote mkabala na tafuta, kama neno moja refu lenye nafasi katikati.

Look over na overlook ni kitu kimoja?

Hapana, na hii ichunge sana. Kineno kikihamia mbele na kuungana na kitenzi mambo yanageuka. Look over ni kupitia kitu uone makosa yake, overlook ni kupitiwa, kutoliona kosa au kulifumbia macho. Nyumba inayo-overlook bahari ndo tofauti tena, inaitazama bahari kutoka juu. Kwa hiyo ukimpelekea bosi ripoti ukaandika "please overlook my report" umemwomba asiisome. Andika please look over my report. Na kama ripoti ilichelewa na unataka akusamehe, please overlook the delay.